Masizi Vidoleni

Kabati lile jeusi ni kazi yangu. Nalisema mapema kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Mwaka ule kila msichana wa nyumba nzuri huku Shropshire, Uingereza, alikuwa akipaka samani vanishi kwa kuiga Wajapani, na wengi walichoka kabla haijakauka. Mimi sikuchoka. Majira yote ya baridi nilichanganya masizi na vanishi, nikapaka, nikasugua, nikapaka tena, kisha nikachora korongo wa dhahabu. Dorothea, binti wa mjomba aliyenilea, alikaa kando akila biskuti za tangawizi na kunipigia soga.

Bwana Thorold alialikwa chakula. Alishatangaza kuwa hataoa mwanamke asiye na jicho la vitu vizuri. Nilimpenda, na siri hiyo nilimwambia Dorothea peke yake.

"Niachie mimi nimwambie kabati ni lako," akasema. "Ukijisifu mwenyewe utaharibu. Ila hiyo mikono, shoga. Utamsalimia mgeni kama uliyetoka kufagia dohani?"

"Rangi haitoki kwa maji."

"Tapentaini ipo. Sugua."

Nilisugua mpaka ngozi ikawaka. Niliposhuka sebuleni, Bwana Thorold alikuwa ameinama mbele ya kabati, akimpapasa korongo kwa kidole.

"Nani kafanya haya?"

Dorothea alivua glavu taratibu, kama anayeona haya. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi tii, kwa masizi ya meko ya sebuleni.

"Yamegoma kutoka," akasema.

Bwana Thorold akavibusu, kimoja kimoja. Nikamtazama mjomba, aliyeniona nikifanya kazi majira yote. Akageuza uso.

"Hester, mletee mgeni kiti," akasema.

Nikaleta. Iliniuma vibaya, na bado inaniuma.

Walioana baada ya Pasaka. Jana Dorothea kaja kututembelea, kanivuta karibu na meko.

"Mume wangu anataka kabati la pili, lifanane na lile. Njoo ukae kwetu. Kuna chumba juu, kina mwanga, na mlango una kufuli. Hakuna atakayejua."

"Mchoraji si wewe?"

"Usinifanyie hivyo, Hester. Sisi ni ndugu."

Niliinama, nikachota masizi, nikamjazia kiganjani, juu ya glavu yake nyeupe.

"Shika, ndugu yangu," nikamwambia. "La kwanza ulilimaliza kwa haya haya."