Mdudu Shingoni mwa Shemeji

Mdudu wa hasira alikuwa amemganda shemeji yangu shingoni, na shemeji alikuwa na nyundo ya kilo nane mikononi.

Mtaa mzima ulimjua mdudu huyo. Alifika kwa mshona viatu akiwa mdogo kama nzi. Mshona viatu akagombana na mkewe, mdudu akaunywa ugomvi wao, na kabla ya adhuhuri alikuwa mkubwa kama bata, mabawa yanang'aa kama chuma kilichoiva. Tuliwazika wote wawili. Ukimvuta, mwiba unabaki ndani na mtu anakufa. Ukimkasirikia, anakua.

Sasa alikuwa kwangu, kwenye karakana ya kufua chuma, saa nne asubuhi, amempanda kaka wa mke wangu kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

"Shemeji," nikasema, "hiyo skafu umenunua wapi?"

"Usinichekeshe. Nitakuua." Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ukiniua utakula kwa nani? Dada yako mwenyewe amekuchoka."

Akaguna, kicheko kikamtoka puani, na mdudu akanywea kidogo. Nilimwona. Tumetukanana miaka kumi na mitano bila hasira hata chembe. Kwa mdudu hayo yalikuwa makapi.

Hata hivyo nyundo ikapanda juu ya kichwa changu. Sikukimbia. Hii ni karakana yangu. Nikagonga chuma kwenye fuawe, lile pande la chuma tunalofulia, kwa nyundo yangu ndogo: ti. Ndivyo tunavyofanya kazi. Mimi nashika chuma kwa koleo na kugonga ninapotaka, yeye anapiga hapohapo. Mikono yake haingoji kuambiwa na kichwa. Nyundo ikashuka kwenye chuma. Ti. Ikashuka tena.

"Piga, mvivu wewe! Bibi yangu angepiga zaidi kwa mwiko!"

"Bibi yako alikuwa na ndevu," akajibu akihema, na mdudu akapungua akawa kama njiwa.

Ndipo mdudu akasema kwa mdomo wa shemeji, kwa sauti kavu isiyokuwa yake: "Mwanao alikata roho wewe ukimalizia geti la tajiri. Walikuja kukuita mara mbili. Ukasema, bado kidogo."

Ni kweli. Nilisema hivyo. Mke wangu nilimwambia kwamba waliotumwa hawakunikuta.

Utani ukaniishia. Hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo, hasira ya miaka tisa, na mdudu akaigeukia kama mlevi aliyesikia chupa ikifunguliwa. Miguu yake ikaanza kuachia shingo ya shemeji, mmoja mmoja.

Nikatupa koleo. Nikalaza mkono wa kushoto juu ya fuawe, kiganja wazi.

"Unaitaka? Njoo uile. Hii ni yangu, yeye haimhusu. Na sikuogopi, mende wewe!"

Akaruka, akatua kiganjani, akanichoma. Akaanza kuvimba.

"Shemeji," nikasema, "inua nyundo. Usifikiri."

"Mkono wako uko hapo!"

"Nimesema usifikiri."

Nikamgonga mdudu mgongoni: ti. Mikono ya shemeji ikapiga.

Hakubaki kitu cha mdudu, hata mwiba, ila masizi na harufu ya kwato zilizoungua. Shemeji yuko hai, shingoni ana kovu dogo tu. Ila nyundo hataki hata kuitazama. Siku hizi anauza mkaa. Fuawe niliyoachiwa na baba imepasuka katikati. Koleo siwezi kushika tena kwa vidole viwili vilivyobaki. Na shemeji alimwambia dada yake yale yaliyosemwa kwa mdomo wake. Simlaumu, ni dada yake.

Vidole vitatu. Fuawe moja. Mpiga nyundo mmoja. Na leo ni siku ya kumi na nne mke wangu hajanisemesha.