Tembe la Ihumwa na Programu ya Viwanja

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumanne, Evarista aliwasha kompyuta, akaandika amri ya kuunda upya programu ya viwanja, kisha akabandika birika la chai kwenye jiko la umeme. Muda huohuo, kule Ihumwa karibu na reli, tembe la Mzee Matonya lilitoweka. Lilikwenda na paa lake la udongo, vigoda, baiskeli, chungu cha mlenda na kitanda cha ngozi. Waliobaki ni watu na mifugo, maana programu haikuwahi kujishughulisha na watu wala mifugo. Bibi Dorkasi, mama yake Matonya, ambaye miguu ilishamkatalia siku nyingi, alijikuta amelala chini juani. Akavuta kanga usoni, akaendelea kusinzia.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na kila mwenye fedha anaitwa mwekezaji. Ofisi ya Evarista ilipima mashamba ya pembezoni mwa Dodoma na kuyakata viwanja, na programu ndiyo iliyosema kiwanja gani ni cha nani. Kila ilipobadilishwa, hata mstari mmoja tu, kompyuta ilisoma mafaili yake yote upya na kuyatafsiri kwa lugha ya mashine. Kazi hiyo ilikula kutwa nzima. Ilipokwisha, tembe lilirudi mahali pake, chungu kikiwa bado cha moto. Nyumba za viwanja vilivyopimwa hazikwenda popote, kwa kuwa zilikuwamo kwenye kanzidata. Shamba la Matonya, alilolima babu yake na baba yake, lilikuwa limeingizwa kama eneo tupu.

Matonya alivumilia msimu mzima wa kilimo. Kisha siku moja ambayo baiskeli ilikuwapo, aliipanda akaenda mjini.

"Mbukwenyi," alisalimia akiwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye yule wa nyumba inayokwenda na kurudi."

Evarista alikuwa hajasikia habari hiyo, lakini hakuona sababu ya kumbishia mtu mzima. Aliuliza tu huwa inakaa huko kwa muda gani.

"Inaondoka ng'ombe wakitoka zizini, inarudi wakirudi," alisema Matonya. "Sisi wengine hatuna neno, nje tumezoea. Shida ni mama. Hili jua la kiangazi litanimalizia mama. Hiyo kazi yenu haiwezi kwenda upesi kidogo?"

"Inaweza," Evarista alijibu.

Hakusema hivyo ili kumtuliza. Evarista aliijua kazi yake na hakuona haya kuijua. Ilikuwa inamkera siku nyingi kuona mashine nzima inatoka jasho kwa kazi iliyokwisha kufanywa jana.

Alianza na desturi ya ofisi. Mkuu wa kitengo, Bwana Damas, alikuwa ameagiza kwamba kabla ya kuunda programu, kila kilichotafsiriwa jana kifutwe. Usafi kwanza, alipenda kusema, na alipenda kusema hivyo tangu siku kipande cha zamani cha programu kilipomwaibisha mbele ya mgeni wa wizarani. Evarista akaacha kufuta. Faili ambalo halijaguswa leo lina haja gani ya kutafsiriwa tena? Aliifundisha kompyuta kulinganisha saa ya kila faili na saa ya tafsiri yake, ishughulike na lililobadilika tu.

Siku ya kwanza haikusaidia kitu. Kompyuta ilianza yote tangu mwanzo, na Bibi Dorkasi akashinda juani kama kawaida. Evarista alipekua mpaka akaona sababu. Lilikuwapo faili moja lililosomwa na mafaili mengine yote, na ndani yake, katikati ya vipimo vya ramani, kulikuwa na cheo cha Bwana Damas ili kichapwe chini ya kila hati. Mwaka huo Bwana Damas alikuwa Kaimu, kisha akathibitishwa, kisha akawa Kaimu wa jambo kubwa zaidi. Kila alipopanda, programu nzima ilitafsiriwa upya na bibi wa watu akaungua. Evarista alikitoa cheo, akakipa faili lake peke yake, kikapande humo kadiri kinavyotaka.

Ilibaki kanzidata. Programu kila ilipojaribiwa, iliulizia kiwanja kimojakimoja, na kwa kila swali ikapekua mji mzima upya, kama mtu anayehamisha pipa la maji kwa kijiko. Evarista aliiwekea faharasa, akaiagiza iulize viwanja vyote kwa mara moja, na majaribio ya kila siku akayafanyia mtaa mmoja wa Nzuguni badala ya mji wote. Mwisho akaifupisha amri yenyewe ikawa kitufe kimoja, ili hata asiyejua aweze kuibonyeza.

Ihumwa waliiona tofauti. Kwanza tembe lilitoweka kwa muda wa kupika ugali, baadaye kwa muda wa kuusonga tu. Mwishowe lilikwenda na kurudi mtu akipiga chafya. Bibi Dorkasi alihisi kitanda kinampungukia mgongoni, akaona mbingu, kisha akaona boriti. Alisema ni vizuri, moshi unapata pa kutokea. Matonya alipeleka jogoo ofisini na Evarista akampokea kwa mikono miwili. Alifurahi sana siku hiyo.

Alipoona mambo yamemnyookea, alimwendea Bwana Damas.

"Mkuu, sasa tumalize. Tuongeze sehemu ya wenyeji waliokuwapo kabla ya upimaji. Ni kazi ya asubuhi moja. Nyumba ya yule mzee haitaondoka tena hata kidogo."

"Sehemu hiyo haipo kwenye mfumo, Evarista."

"Ndiyo maana nasema tuiongeze."

"Tukiiongeza, kesho watakuja wote," alisema Bwana Damas kwa upole. "Wewe umeshafanya kazi kubwa, mama. Zamani kugawa kiwanja kulinishindisha njaa. Sasa nagawa huku nasubiri chai."

Alikuwa mkweli. Ruhusa ya kuandika au kufuta jina la mwenye kiwanja alikuwa nayo yeye peke yake, na siku hizi aliitumia kwa raha.

Alhamisi, Evarista alipotoka kwenda kunywa chai, Bwana Damas aliliandika lile eneo tupu la Ihumwa kwa jina la mwekezaji wa maghala, akabonyeza kitufe. Kisha akatoka na mwekezaji kwenda kumwonyesha kiwanja. Programu haikugusa kitu kingine chochote, kwa kuwa hakuna kingine kilichobadilika. Evarista alikuwa ameifundisha vizuri.

Mchana Matonya aliingia ofisini kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Baiskeli ilikuwa imebaki ndani ya nyumba.

"Mwanangu, leo inakawia," alisema.

Evarista aliangalia kwenye kioo cha kompyuta, akalikuta jina la mwekezaji. Alipata hasira, halafu aibu, na aibu ndiyo iliyokaa. Alijaribu kulifuta lile jina. Kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Haikawii, mzee," alisema. "Ilikwisha. Kazi ilikwisha hata kabla hujatoka kwako. Pale pameandikwa mtu mwingine."

Matonya aliitazama mashine bila chuki. Alikuwa ameishi nayo muda mrefu, na mara zote ilikuwa imerudisha.

"Mama yuko juani," alisema. "Mke wangu amemkingia kanga kwa mikono, na mikono inachoka. Iambie irudie."

Evarista alibonyeza. Ilikwisha kabla mzee hajakaa kwenye benchi. Alibonyeza tena, halafu tena, mpaka wenzake wakafunga madirisha na kuaga, na Matonya bado ameketi, kofia ipo magotini. Kila mara kompyuta iliandika kwamba kazi imekamilika na hakuna kosa lolote.