Mzigo wa Bwana Kuramochi

Njia nzima ya kupanda mlima, Bwana Kuramochi aliwahubiria vijana wa ofisini kwake: "Takataka tunarudi nazo Tokyo! Mlima si jalala!" Wakati wa kushuka akabaki nyuma makusudi, akauchomeka mfuko wake wa mabaki ya chakula nyuma ya sanamu ya mawe.

Walipofika kituo cha treni, bibi mmoja akawafikia akihema, mfuko mkononi. "Mwanangu, umesahau mzigo wako! Nimekuita wee, husikii."

Vijana wakatazama viatu vyao. Laiti wangecheka! Kuramochi akainama, masikio yakimwaka moto. "Asante, mama."

"Aa, si kitu," akasema bibi, bila chembe ya kejeli, akageuka kuuanza mlima upya. Kileleni alikuwa hajafika.