Mungu wa Hirekere Agonga Mlango

Honnamma alifika na nazi yake kwenye kizingiti cha hekalu la Hirekere wakati kuhani Narasimha Bhatta akiwapanga watu: watalii kushoto, wafadhili kulia. Binti yake Honnamma alikuwa na uchungu wa uzazi tangu juzi, na mtoto hataki kutoka. Alitaka nazi ipasuliwe mbele ya mungu, basi.

"Ishia hapo hapo," kuhani alimwambia. Ukoo wa wavunja mawe hauvuki kizingiti hicho. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna asiyeijua.

Mwanamke mchezaji ngoma wa jiwe, sanamu iliyosimama kwa mguu mmoja chini ya paa la hekalu miaka mia tisa, akashuka. Alinyoosha goti, likaalika. Watalii wakamwambia apange foleni.

"Lete nazi, mwanangu," alimwambia Honnamma. "Nitakupelekea."

"Ahsante, shangazi."

Zamu yake ilipofika, kuhani alimuuliza kama anavyomuuliza kila mtu kabla ya sala: "Jina? Nyota? Ukoo?"

"Nyota sina. Ukoo ni wa aliyenichonga, babu wa mababu wa yule mama pale nje."

Lo! Kuhani aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akamtoa nje yeye na nazi yake, akaagiza sakafu ioshwe. Pale alipokuwa amesimama chini ya paa kukatundikwa kibao: MATENGENEZO.

Honnamma alikuwa na hasira, na siku hiyo hakuimeza. Alimuuliza kuhani: "Swami, na huyo mungu wako alichongwa na nani?"

"Huyu hakuchongwa! Alichipuka ardhini mwenyewe."

"Mwongo mkubwa," alisema shangazi. "Nilikuwepo. Pua ilirudiwa mara mbili."

"Mara tatu," ilisema sauti kutoka ndani. "Mwacheni mama aingie. Babu yake ndiye aliyenipa macho."

Kuhani alisikia vizuri sana. Aliinama, akaunganisha viganja kwa heshima zote, kisha akatazama saa. Ilikuwa saa sita kamili, wakati wa mungu kupumzika. Akafunga milango ya shaba, akatia kufuli, akaenda kula wali na mtindi wake.

Mungu aligonga kutoka ndani mchana kutwa. Honnamma na shangazi waliipasua nazi kwenye jiwe la njiani, na saa tisa simu ikalia: mtoto wa kike, salama. Honnamma alilia kwa furaha, huku akimtukana kuhani.

Saa kumi kuhani alifungua. Aliona vifundo vya vidole vya mungu vimechubuka. Akavipaka sandali iliyosagwa kwa upole, kimoja kimoja, kisha akaita wafadhili.