Wageni Waliokuja Kuniulizia

Idara ya upelelezi ilikuwa imeboresha namna ya kupokea wafanyakazi wapya. Ndivyo alivyotuambia Bwana Hubert, mkuu wa mafunzo, kule Bujumbura, huku amejaa tabasamu. Zamani mtu aliingia kwa kujuana na mkubwa fulani. Sasa, kabla ya kiapo, maofisa wangefika kwetu kuwauliza majirani tabia zetu. Na sisi tusimwambie mtu kazi tuliyoipata, hata mzazi. Mbinu safi kabisa, kwa mtu asiyewahi kuishi kwetu Rumonge.

Mtaani kwetu mgeni akiulizia mtu hajibiwi. Mjomba wangu Ayubu aliuliziwa hivyohivyo, kwa adabu, na majirani wakajibu kwa adabu. Kesho yake akachukuliwa na watu tusiowajua, na mpaka leo hatujui alipo. Tangu hapo mtaa mzima una jibu moja tu: simujui.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nyumbani nikimsaidia mama kuchambua ndagala, dagaa wa ziwani, Esha wa jirani akaingia mbio, kanga inaburuta.

"Mama Taqwa, iko wanaume wawili pale tunaanikaka ndagala. Wanauliza mutoto wako. Sisi wote tumesema hatumujui."

Ungo ulimponyoka mama. Mimi nilijua ni akina nani. Nikisema, nimevunja siri na kazi imekwenda. Nikinyamaza, mama atakufa kwa hofu mbele ya macho yangu.

"Ingia jikoni," akanong'ona, akinisukuma. "Qais muvuvi iko na mutumbwi. Wakienda tu, unavuka ziwa mpaka Kongo."

Kuvuka Kongo! Mpelelezi mpya akimbilie ng'ambo siku anayochunguzwa! Wangeniita msaliti, na mama ndiye angebaki kuulizwa. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia hodi.

"Amahoro, mama. Tunamutafuta Taqwa."

"Alikufa," mama akasema.

Watu hao walikuwa na picha yangu, iliyopigwa idarani wiki ileile.

"Pole sana, mama," sauti ikajibu, taratibu. "Alikufa lini? Kaburi iko wapi, tukamuombee?"

Nilimsikia mama akihema kwa shida, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikatoka jikoni, mikono imejaa magamba ya ndagala. Mama akaruka akasimama mbele yangu kunikinga, na hata begani hanifiki.

"Munichukue mimi! Huyu bado mutoto!"

"Mama, basi. Hawakuja kunichukua. Ni watu wa kazini kwangu."

"Kazi gani?"

Nikaitaja. Mmoja wa wale wanaume akaguna, akatazama chini.

Mama alishusha mikono. Aligeuka akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wao, kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Esha, aliyekuwa bado mlangoni, akaondoka bila kuaga.

"Taqwa," mama akasema kwa sauti ndogo. "Yale yote nilikuwa ninasema humu ndani juu ya ndugu yangu. Umewapelekea?"

"Hapana, mama. Wallahi."

Hakuniamini, niliona. Akavuta viti viwili, akawakaribisha wale wanaume. Halafu akavuta cha tatu, akakiweka upande wao, akaniomba nikae.