Unga Chini ya Msolo

Asubuhi moja ya Septemba 1973, Zulmira alikuwa anakwenda kisimani. Chini ya mti wa msolo akamkuta Mwenyekiti Selemani amechuchumaa, anasimamisha unga uliobomoka.

Unga huo wa mtama ulikuwa umemwagwa jana yake jioni mbele ya kijiji kizima, kilundo kidogo kilichochongoka, ili waliokufa waulizwe kama msitu ukatwe kupisha mikorosho. Kukikucha umesimama, wamekubali. Ukibomoka, wamekataa, na mashoka hayashikwi. Ndivyo mambo ya huku yalivyo, na Selemani aliyajua kuliko wote.

“Umeona nini, Mama Jeronimo?”

“Mie nafuata maji tu, Mwenyekiti.”

“Vizuri. Ekari yako ipo karibu na kijito.”

Zulmira alikuwa amekimbia vita Msumbiji, akavuka Ruvuma na watoto watatu, na mgeni asiye na shamba alikuwa anapelekwa kambi ya wakimbizi. Basi akachota maji yake. Aliona aibu mpaka nyumbani.

Msitu ulikatwa wiki tatu, na msolo ndani yake, kisha ukachomwa. Miti ikaondoka, kivuli kikabaki. Kililala juu ya majivu na matawi yake yote, na upepo ukivuma kilitikisika. Watu walilima humo wamejifunika mashuka kwa baridi. Wengine walisema afadhali, jua la huku nalo limezidi. Mihogo ikatoa mizizi myembamba kama mikia ya panya, na miche ya mikorosho yote ikainamia barabarani, kwenye jua. Watoto wa Zulmira walikula ming'oko, mizizi ya mwituni aliyowachimbia ng'ambo ya kijito, maana ya upande huu iliungua na msitu.

Mwaka uliofuata Bwana Shamba Elia akaja kwa pikipiki kutoka Mtwara. Alivaa sweta, akapima kivuli kwa kamba, akaandika kwamba ekari mia zimefunguliwa.

“Tatizo ni kivuli,” alisema. “Mwaka huu fungueni ng'ambo ya kijito.”

Hakuna aliyemwambia kwamba ng'ambo nako ni miti. Angeambiwa nini, jamani, na karatasi imeshapigwa muhuri?

Safari hii Mwenyekiti alisema unga aumwage Mama Jeronimo, kwa kuwa ni mtu wa kuaminika. Kisha akamwambia pembeni kwamba ekari ya kivulini haihesabiwi tena kuwa shamba, na watu wa kambi watapita mwezi ujao. Jioni Zulmira akaumwaga chini ya msolo, yaani kwenye kivuli chake. Ukachongoka vizuri.

Asubuhi alikwenda peke yake, na kapu la ming'oko kichwani. Unga ulikuwa umebomoka wote, pande zote.

Aliutazama. Aliitazama na miti ya ng'ambo, iliyokuwa inamlishia watoto. Halafu akatua kapu, akapiga magoti, akaukusanya kwa viganja viwili na kuusimamisha. Ulimomonyoka, ikabidi aanze mara mbili. Alipomaliza alijifuta unga kwenye kanga, akakaa kando kuwasubiri wenye mashoka.