Shahidi wa Mwenye Nyumba

Kiganja cha Opanyin Boadu, mzee mwenye nyumba, kilikuwa wazi mbele ya Dufie, kimetulia, kama cha mtu anayesubiri kurudishiwa mali yake. Dufie alikitazama. Kisha akafungua fundo katika pindo la kitenge chake, akatoa ufunguo wa chumba cha Lariba, akauweka pale.

“Una akili,” alisema mzee. “Fundi cherehani kama wewe anajificha nyuma kwa nini? Chumba hiki cha mbele kina dirisha la barabarani. Wateja watakuona.”

Dufie alilifunga tena pindo la kitenge. Baadaye alijaribu kujifariji kwamba hakutamka ndiyo hata mara moja. Faraja hiyo haikumkaa.

Lariba, muuza uji wa uwele, alikuwa amekwenda kwao Bolgatanga kumzika mama yake. Alfajiri ya safari alimgongea Dufie akiwa na mzigo kichwani. “Dada, mvua ikinyesha nimwagie ndoo. Paa lile unalijua. Na kila inaponyesha niwekee alama ukutani, tafadhali.” Akamwachia ufunguo na kuondoka.

Paa ndilo lililozaa ugomvi. Lariba alikuwa amemwomba Boadu alitengeneze, akaomba tena, na alipochoka kuomba akaenda kumshtaki Ofisi ya Kodi za Nyumba. Barua ya wito ilimkuta mzee akicheza dama na wenzake kibarazani. Aliisoma kwa sauti mpaka katikati, akaikunja. “Mpangaji ananiita ofisini!” alifoka. “Mimi! Katika nyumba ya baba yangu!” Wenzake walicheka, na kicheko kile hakukisahau.

Siku waliyotoa vyombo vya Lariba, Dufie alibeba sufuria. Alijiambia kwamba anazibeba yeye ili vijana wa mzee wasizibamize. Alizipanga kwa uangalifu chini ya upenu, kubwa kwa ndogo, na jioni ile ile cherehani yake ikasimama mbele ya dirisha la barabarani.

Lariba alirudi baada ya siku tisa, angali katika nguo za msiba. Alizitazama sufuria zake, akaitazama cherehani, kisha akasimama mlangoni.

“Dada Dufie, ufunguo wangu uko wapi?”

“Mwulize mwenye nyumba.”

“Sikumpa mwenye nyumba. Nilikupa wewe.”

Dufie aliinamisha kichwa akaendelea kukanyaga cherehani, ingawa uzi ulikuwa umekatika.

Shauri lilipofika ofisini, afisa alikuwa mama mnene mwenye miwani, aliyeandika polepole kana kwamba kila neno litaulizwa siku moja. Boadu alieleza kwamba Lariba alihama kwa hiari na akamkabidhi ufunguo mwenyewe. “Fundi huyu alikuwepo,” alisema.

Afisa akamgeukia Dufie. “Uliona?”

“Niliona.”

“Uliona nini?”

“Nilimwona akimkabidhi.”

Lariba alitoa kicheko kifupi, kikavu, kama mtu aliyejikwaa mahali asipotarajia jiwe. Afisa aliandika, akaahirisha shauri kwa wiki moja.

Katika wiki hiyo wateja waliongezeka kweli. Mzee hakudanganya kuhusu dirisha. Mwanamke mmoja aliyeleta sare ya shule kupunguzwa alichungulia ndani na kuuliza, “Yule mama wa uji yuko wapi? Mwanangu hataki uji wa mwingine.”

“Alihama,” alijibu Dufie, huku akipima kiuno cha sketi. Neno lilitoka bila kukwama popote, na wepesi ule ukamtia hofu. Mara ya kwanza, kule ofisini, ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Sasa ulikuwa umezoea.

Siku mbili kabla ya shauri, Boadu alimletea ndoo ya chokaa na brashi. “Upake ukuta ule wa kitanda,” alisema. “Afisa anaweza kuja kukagua.”

Dufie alisogeza kitanda. Nyuma yake, kuanzia usawa wa goti hadi begani, ukuta ulikuwa umejaa alama za mkaa. Kila mstari ulikuwa na tarehe yake, imeandikwa kwa mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Ile ilikuwa misimu miwili ya mvua. Pembeni mwa mistari mingine paliongezwa neno moja moja la kilicholowa: *godoro*, *unga*, *godoro tena*. Mstari wa mwisho ulikuwa wa juma lile Lariba alipoondoka. Chini yake palikuwa patupu, na mvua ilikuwa imenyesha mara nne tangu hapo.

Alichovya brashi. Akaiinua. Matone ya chokaa yakamdondokea miguuni, moja, mawili. Kisha akairudisha brashi ndani ya ndoo, akatafuta kipande cha mkaa jikoni, akachora mistari minne iliyokosekana. Tarehe alizikumbuka zote. Alizikumbuka kwa sababu kila siku ya mvua alikuwa amelala pale, juu ya kitanda chake, akisikiliza maji yakiangukia mahali pa mtu mwingine.

Shauri lilipoanza tena, Dufie alisimama kabla hajaitwa.

“Mheshimiwa, nilisema uongo.”

“Dufie!” Boadu aliruka kitini. “Umelishwa nini wewe?”

“Kaa, mzee,” alisema afisa bila kuinua macho. “Endelea.”

“Lariba hakuhama. Alikwenda msibani. Ufunguo aliniachia mimi, na mimi ndiye niliyempa Opanyin. Kwa mkono wangu huu.”

“Kwa nini?”

Njiani Dufie alikuwa amejitayarishia majibu mengi: kwamba aliogopa, kwamba mzee alimshinikiza, kwamba mwanamke aliye peke yake mjini hana pa kusimamia. Alipofungua kinywa hakuona hata moja.

“Nilitaka dirisha,” alisema.

Afisa aliandika na hilo. Kisha akamwambia Boadu kwamba hata kama Lariba angekuwa mpangaji mbaya kuliko wote Kumasi, hatolewi chumbani ila kwa amri ya mahakama. Chumba kirudishwe na paa litengenezwe. Akikaidi, shauri litakwenda kwa hakimu. Muda wote huo Lariba alikuwa anatazama ukuta, na Dufie, aliyengoja japo jicho moja la hasira, hakulipata.

Alasiri hiyo alirudisha cherehani kwenye chumba chake cha zamani. Boadu alimfuata mpaka kizingitini. “Kesho nisikukute hapa. Nyumba hii haiwezi kulala na nyoka.”

Dufie alianza kufunga vitambaa. Kivuli kikaangukia mlangoni, naye akageuka akidhani ni mzee amerudi. Alikuwa Lariba.

“Unafunga mizigo ya nini?”

“Amesema niondoke.”

“Kwa mdomo?”

“Kwa mdomo.”

“Ana amri ya mahakama?”

Dufie akatikisa kichwa.

“Basi fungua mizigo yako. Jumatatu uende ofisini mapema, foleni inakuwa ndefu. Mwulizie yule mama mwenye miwani. Mzee akikutishia tena, andika tarehe.”

Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alipogeuka kuondoka, Dufie alishindwa kujizuia.

“Lariba. Umenisamehe?”

“Nimekuambia sheria,” alisema Lariba. “Hilo jingine usiniulize.”

Asubuhi moshi wa jiko la Lariba ulipanda tena mbele ya nyumba, na watu wakajipanga na vyombo vyao. Boadu alipita na taulo begani, akaitazama foleni, akamtazama Dufie, akaingia bafuni. Dufie alisimama na bakuli lake nyuma ya mafundi magari wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mpira. Zamu yake ilipofika alilisogeza mbele kwa mikono miwili.

Lariba akamjazia kipimo kile kile cha watu wote. Hakumpunguzia, hakumwongezea. Kisha akamtazama mtu aliyesimama nyuma ya Dufie.